Pesa ya Mezani Kwetu

Swedi,

Ninakuandikia kwenye ile karatasi nene. Ilibaki kidogo chini ya kabati, na bosi wangu amesema hakuna mteja mwingine atakayeiomba, kwa hiyo niichukue tu. Kweli hakuna. Ni wewe peke yako uliyekuwa unatoka mtaa wa Quartier Asiatique hadi kwetu Kamenge kuja kuomba karatasi nene ya kuchapia mazimwi ya kadi zako. Kalamu inateleza juu yake, basi nivumilie mwandiko.

Nianze na lile linaloniuma. Nimeshinda ubishi wetu, ule wa kripto, pesa yako ya mtandaoni. Nimeshinda kabisa, hata wewe ungekosa la kusema, na wewe hukuwa mtu wa kukosa la kusema. Sasa sina wa kumwambia. Nilikuwa naingoja siku hiyo kwa hamu, nimeshaandaa hadi namna nitakavyocheka. Ilipofika nilikuwa nimesimama dukani kwako na kikombe mkononi, nikageuka upande wa kiti chako kule nyuma. Juu yake kulikuwa na boksi la chaja.

Ngoja nikueleze taratibu, maana wewe uliondoka haraka. Homa tu, tukadhani ni malaria kama ya kila mtu, na tukakutania kwamba umeugua kwa sababu mwenzetu Eloi amekufunga kwenye kadi. Halafu asubuhi kaka yako Hassani akanipigia, na kabla hajasema kitu nikajua, kwa sababu Hassani hajawahi kunipigia. Wiki ile mafuta yalikuwa yamekosekana tena mjini, bisi za abiria hazionekani barabarani. Nikashuka kwa miguu. Ninyi Waislamu hamchelewi kuzika. Nilipofika nyumbani kwenu Buyenzi wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, viatu vyao vina udongo, wanaongea kwa sauti ya chini. Sikukuona, Swedi. Nilikaa na wanawake kwenye mkeka, kitambaa kichwani, sijui niseme nini mahali ambapo wote wanajua la kusema. Mama yako alinishika mkono akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia naitwa Konsolata, nilikuwa nacheza kadi na Swedi.

Akanisogeza karibu. Akasema, "Konso wa fotokopi."

Kumbe ulikuwa unanitaja nyumbani. Hukuniambia. Nililia pale mpaka jirani mmoja akaniuliza kama tulikuwa wachumba, na nikashindwa kueleza kwamba hapana, tulikuwa tunabishana tu, kila Jumamosi, na kwamba hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko alivyofikiri.

Unakumbuka siku ya kwanza? Uliingia kwenye chumba chetu cha fotokopi, wanafunzi wa hospitali wamejaa na noti zao za mwili wa binadamu, wewe unafungua simu na kunionyesha zimwi lenye mabawa. Unataka lichapwe kwa rangi, saizi ya kiganja, na nyuma ya karatasi pawe na picha nyingine. Nikakuuliza kama ni za watoto wako. Ukacheka, ukasema, "Njoo Jumamosi, uwaone watoto wenyewe." Nilikuja kwa udadisi, nikidhani nitakaa kidogo. Nikakuta wanaume wenye ndevu wamezunguka mlango wa zamani uliolazwa juu ya makreti ya soda, nyuma ya duka lako la simu. Kulikuwa na Eloi, yule wa Kinanira anayefanya kazi forodhani, na Blaise anayesomea udaktari, ambaye nilikuwa nimemchapia noti za figo bila kujua kwamba akitoka pale anakwenda kupigana na majitu ya barafu. Mlinipa rundo la kadi la kuazima. Nikafungwa kila mchezo, na niliporudi Kamenge nilikuwa nimeshapanga kurudi wiki inayofuata.

Kitu kilichonishangaza ni kile ulichofanya kabla ya mchezo. Desturi ni kwamba ukishachanganya kadi zako, unamsogezea mwenzako rundo alikate, apate uhakika kwamba hukuzipanga. Eloi alikata kila mara, sehemu tatu, nne, kama anayetafuta mwiba kwenye samaki. Wewe hukukata. Uligonga juu ya rundo kwa kidole, mara mbili, ukasema "Cheza." Nilikuuliza kwa nini hukati.

"Kama mi ningewaza we unaiba," ukasema, "singekaa na we hapa."

Na mtu huyo huyo, Swedi, ndiye aliyekuja kutuimbia wimbo wa pesa isiyohitaji kumwamini mtu yeyote. Hapo ndipo nilipoanza kukubishia, na sikuacha.

Sikatai ulikoanzia. Kadi halisi zinatoka nje, na huko nje hakuna anayetaka faranga zetu. Dola ukizitafuta mjini utadhani unatafuta dawa za kulevya. Muuzaji wenu wa kadi alikubali kripto, na wauzaji wako wa vioo vya simu kule Dubai pia, basi ukajifunza, ukaagiza, na bahasha zikafika. Siku ya bahasha ya kwanza hata mimi nilishangilia. Lakini wewe ukipewa kidole unataka mkono. Kama inanunua kadi, ukasema, kwa nini isinunue chai?

Chai yetu ni ya Mama Zaituni, na hilo alilijua kila mtu kwenye mtaa ule. Alikuwepo barazani na chupa zake na beseni la mandazi kabla hata hujafungua duka. Ukachukua simu yake, ukamwekea programu, ukamfundisha kuonyesha ile picha ya vidoti ili tuielekezee simu zetu tumlipe. Alikusikiliza kwa sababu ni wewe. Mwanzoni ukamwekea ile kripto inayopanda na kushuka. Sijasahau jioni aliyokuja mezani, mikono kiunoni, akasimama juu yako.

"Watu wamekunywa kikombe kizima asubuhi," akasema. "Sasa telefoni inaniambia wamelipa nusu. Ile nusu ingine iko kwa tumbo ya nani?"

Tulicheka hadi kadi zikaanguka. Wewe hukucheka sana. Wiki iliyofuata ukambadilishia, ukamwekea ile ambayo thamani yake inafuata dola, na kweli ikatulia. Ila siku nyingine gharama ya kutuma ilizidi bei ya andazi. Siku nyingine mtandao ulikatika tukakaa tunaangalia chai ikipoa, kwa sababu ulikataza mtu kulipa kwa faranga siku ya Jumamosi. Nilikuambia mtu anayengoja mtandao ili anywe chai hana kiu. Ukaniambia mimi ni mshamba wa karatasi.

Basi nikakupa jibu langu lile ambalo nilijivunia. Mezani kwetu kadi zangu za fotokopi zinakubalika. Eloi alipinga sana, yeye mwenye kadi za kweli zilizoletwa na shemeji yake kutoka Ubelgiji, lakini wewe ukaamua kwamba hapa kwetu fotokopi ni kadi, mradi wote tunajua. Nikasema pesa yako ni hivyo hivyo. Fotokopi yangu hapa mezani ni zimwi, linauma na kurusha moto. Likivuka kizingiti ni karatasi niliyoichapa mimi. Nilidhani nimekumaliza.

Ukasogeza kiti, ukafikiri, ukasema, "Basi tupanue meza, Konso."

Ulilisema hilo kila tulipobishana, hadi nikachoka kulisikia. Sasa ningelipa chochote unisumbue nalo tena.

Jumamosi ya kwanza baada ya maziko tulikuja wote. Hassani alifungua duka na chumba cha nyuma, akaenda kukaa mbele. Hakuna aliyetaka kuanza. Mama Zaituni akamimina chai, akamimina na ya kwako, akaiona, akaimwaga barabarani bila kutuangalia. Tukacheza mchezo mmoja bila hamu. Blaise akamlipa kwa simu kama kawaida, nasi tukafuata, kwa sababu tulidhani kufanya ulivyotaka ni namna ya kukuombea. Tuliendelea hivyo Jumamosi kadhaa. Nilianza hata kufikiri kwamba huenda ulikuwa na haki. Mwenyewe hayupo, na pesa yake inatembea.

Halafu Mama Zaituni akaenda kununua unga.

Alimwonyesha muuza unga simu yake. Yule bwana akaangalia, akamuuliza ni mchezo gani huo. Akaenda kwa wakala wa pesa za simu, wakala akamwambia hiyo haimo kwenye mashine yake, tena asiitaje taje, maana benki zenyewe hazitaki kuisikia. Akaja dukani kwako na simu imefungwa kwenye kitenge, akampa Hassani, akamwomba afanye kama Swedi alivyokuwa anafanya Ijumaa. Hassani hakuelewa. Nilikuwepo, nimekuja kuchukua kadi nilizosahau, na mimi pia sikuelewa. Tukamwomba atuonyeshe ulifanya nini. Akasema kila Ijumaa, kabla hujaenda kuswali, ulikuwa unachukua simu yake, unabonyeza bonyeza, unaingia ndani, unatoka na faranga. Basi na Hassani abonyeze.

Hassani akakaa chini. Akasema, "Kila Ijumaa alikuwa anatoa faranga kwa droo. Ananiambia ni ya Mama Zaituni. Mi nikawaza anamusaidia."

Mama Zaituni aliangalia simu yake, kisha akaangalia droo. Aliongea polepole.

"Mi nilizani ni telefoni inatoa," akasema. "Kumbe ni Swedi."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Ndipo nilipogeuka kukitazama kiti chako. Ubishi wote umekwisha kwa maneno ya mwanamke anayeuza mandazi, na ni ushindi wangu, hakuna wa kuninyang'anya. Pesa isiyohitaji kumwamini mtu ilikuwa mtu mmoja. Ulikuwa wewe na droo yako. Ulichukua kripto yake ukaagizia vioo, ukampa faranga, yeye akanunua unga, sisi tukala mandazi, na kila mmoja wetu akaamini kwamba mashine inafanya kazi. Nilitaka kukupigia kelele. Nilitaka kukuuliza kwa nini hukuniambia, hata kama ningekucheka mwaka mzima. Labda ndiyo sababu hukuniambia.

Mama Zaituni hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema Mungu akurehemu, akafunga simu kwenye kitenge, na Jumamosi iliyofuata hakuja.

Hujui chai inashika vitu vingapi mpaka ikosekane. Bila yeye, watu walifika, wakacheza kidogo, wakatoka kutafuta kitu cha kunywa, wasirudi. Blaise alianza mafunzo ya wodini, akawa na zamu. Eloi alikuja mara moja, akasubiri, akasema mafuta ya kupandia Kinanira yanamshinda. Wengine hawakutoa hata sababu. Mimi niliendelea kuja. Unajua nyumbani kwangu kuna nini: kitanda, redio, na jirani anayenisalimia kwa sababu ninamlipia umeme. Kazini watu wananiambia kurasa ngapi, mbele na nyuma, basi. Nilikuwa na mahali pamoja tu ambapo mtu akisikia jina langu anavuta kiti.

Kuna Jumamosi moja nilikuwa peke yangu kabisa. Hassani alikuwa mbele na mteja. Nikatoa rundo langu, nikatoa na lako, lile ambalo mama yako alisema nilichukue. Nikachanganya yote mawili. Nikaweka langu upande wako wa meza, kwa mazoea tu, nikangoja. Swedi, niliona haya. Mwanamke mzima amekaa mbele ya kiti kisicho na mtu anasubiri rundo ligongwe. Sikuwahi kuwa mpweke hivyo, hata nilipofika mjini humu sijui mtu. Siku ile bado nilikuwa sijajua kinachokosekana. Nikakusanya kadi, nikamwambia Hassani sitakuja tena, naye akasema basi chumba atakigeuza stoo.

Niliposikia neno stoo nikashikwa na hasira. Nilikuwa nimesema mwenyewe kwamba siji, sasa nakasirika kwamba hapatakuwepo mahali pa kutokuja. Nikatoka, nikavuka, nikaingia Buyenzi kwa miguu nikiuliza nyumba ya Mama Zaituni. Nilimkuta mlangoni kwake na beseni lile lile, anauzia watoto wa jirani. Akanipa kigoda. Nikamwambia naomba nione simu. Ile kripto ya mwisho bado ilikuwemo, imetulia, inafuata dola yake, haina kazi.

Kabla ya kuja nilikuwa nimempitia Eloi, akanikabidhi faranga. Anataka kuagiza kadi, na tangu uondoke hana pa kupata kripto. Yeye ana faranga, Mama Zaituni ana ile kripto, na kati yao hakuna mtu. Unaona ulivyonifanya? Mimi, mshamba wa karatasi, nilikaa kwenye kigoda kile nikabonyeza iende kwa Eloi, nikasubiri mtandao wao mbovu, nikatoa faranga za Eloi kwenye mkoba nikampa Mama Zaituni mkononi. Alizishika akanitazama. Sikutaka apotee tena njia ile ile, basi nikamwambia wazi kwamba si simu iliyotoa. Ni mimi na Eloi, na siku tukishindwa haitatoa. Nikamwambia pia kwamba akitaka tumlipe faranga tu, Jumamosi na siku zote, ni haki yake, na mimi ndiye ningefurahi zaidi.

Akafikiri. Akasema ana binti Oman, anafanya kazi za nyumbani, na kutuma pesa kunamtesa, inafika imeliwa njiani. Akauliza kama binti anaweza kuituma ile yenu. Nikasema nadhani anaweza. Sikupenda kusema hivyo, Swedi. Nilikusikia kabisa ukivuta kiti.

"Na we," akaniuliza, "utakuwa hapo kila Ijumaa?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Hakuuliza bei, hakuuliza kama benki inaitambua. Aliuliza kama nitakuwepo. Nikasema ndiyo, na nilijua nimejifunga.

Nimeongea na bosi. Ijumaa mchana ananiruhusu nitoke, mradi nirudi kabla wanafunzi hawajamaliza masomo. Bisi zikiwepo napanda, zisipokuwepo nashuka kwa miguu. Hassani ameondoa maboksi ya chaja. Amenifungulia sehemu ndogo ya ile droo yako, na ananiangalia nikibonyeza kama anayemwangalia mtu akishona koti la marehemu. Sijabadili mawazo, ulijue hilo. Kama pesa yako inahitaji nitembee kutoka Kamenge ili igeuke unga, basi si pesa ya kila siku. Ni kazi ya kila Ijumaa. Tukikutana nitakuambia hivyo usoni, na najua utakachonijibu.

Jumamosi iliyopita Mama Zaituni alirudi na chupa zake. Eloi alikuja kwa ajili ya kadi zake, akakaa. Blaise alisema atapita akitoka zamu, akachelewa kama kawaida yake. Eloi akatoka nje kupokea simu, nikabaki mezani nachanganya rundo langu. Mama Zaituni akaingia na kikombe changu, akakiweka, na kwa kuwa miguu inamuuma akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kilikuwa chako. Nilitaka kumwambia. Mikono yangu ilikuwa imeshamaliza kuchanganya, na bila kufikiri ikasogeza rundo mbele, kama ilivyozoea.

Mama Zaituni hajui mchezo huu. Hajui zimwi wala jitu la barafu. Miaka yote aliingia, akaweka vikombe, akatoka. Lakini aliliona lile rundo mbele yake, akanyoosha kidole chenye unga, akagonga mara mbili.

"Cheza," akasema.

Basi sikuweza kujizuia. Niliweka uso kwenye mikono, na Mama Zaituni akaacha chai ipoe, akanishika bega mpaka Eloi aliporudi.

Karatasi imekwisha, Swedi. Hii nitaikunja niiweke kwenye boksi la kadi zako, chini kabisa, chini ya lile zimwi la kwanza nililokuchapia, ambalo rangi yake imeanza kuondoka na sitaki kulichapa upya. Pumzika. Kiti chako kinakaliwa na mtu mwenye miguu inayouma, usimwonee wivu. Meza nimeipanua kidogo, hadi Buyenzi, labda hadi Oman kama mtandao utakubali. Usinicheke.

Ijumaa nitakuwa hapo.

Wako mbishi,
Konso wa fotokopi